Mwongozo kamili wa kukusanya koleksheni za gemu za zilipendwa: nini ununue, nini uache, na ukague vipi kabla hujatoa hela

Wakuu, kama ulikua enzi za zile mashine za kuiga Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani ambayo Marekani iliitwa NES, unazijua kaseti zilizoandikwa 9999999 in 1. Unachomeka, menyu inatokea, unashuka na mshale mpaka kidole kinachoka, kumbe gemu zenyewe ni tano sita tu, zilizobaki ni Contra ileile inaanzia hatua ya tatu, Contra ileile ukiwa na maisha 30, Mario yuleyule kapewa jina lingine. Namba ya kwenye kava ilikuwa chambo. Na nikwambie tu mapema, kampuni kubwa zenye leseni nazo zinatumia chambo hichohicho mpaka leo, ila kwa adabu zaidi.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuanza kukusanya koleksheni halali, yaani diski moja au kaseti moja iliyotolewa na mwenye haki, ndani yake zimo gemu kadhaa za zamani. Sio folda ya emuleta (programu ya kuiga mashine za gemu) yenye gemu elfu kumi, hiyo ni habari nyingine na sio ukusanyaji, ni kujaza memori kadi. Msimamo wangu ni huu, na ndio utauona kote humu: koleksheni inunuliwe kwa kile ambacho gemu moja moja haiwezi kukupa, na kwa kile ambacho kweli kimo ndani ya diski. Ukinunua kwa kuhesabu gemu utajaza shelfu Pac-Man nane na zote ni Pac-Man yuleyule.

Hatua ya 1: jua unachotafuta

Watu wanavutwa na vitu vitatu tofauti na ni vizuri ujijue wewe uko wapi.

Kuna wa bei. Chukua TMNT: The Cowabunga Collection ya Konami, ya 2022, iliuzwa dola 40, ina gemu 13 za Ninja Turtles za NES, SNES na Game Boy za Nintendo, Mega Drive ya Sega, na zile za mashine za sarafu. Kaseti halisi ya NES ya Tournament Fighters peke yake ikiwa na boksi inauzwa zaidi ya hapo, tena mbali. Mtu wa bei anafanya hesabu hiyo, ananunua, maisha yanaendelea.

Kuna wa uokoaji, na mimi nipo kundi hili. Gemu inaweza kupotea sokoni sio kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu leseni imeisha. Marvel vs. Capcom 2, gemu ya kupigana, iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2013, ikabaki kwenye diski za Dreamcast na PS2 ambazo wauzaji walijipangia bei wanavyotaka, ikaja kurudi 2024 ndani ya Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics, gemu saba, na The Punisher imo. Miaka zaidi ya kumi watu wanasubiri. Koleksheni ya namna hiyo unainunua mapema kwa sababu leseni iliyoisha mara ya kwanza inaweza kuisha tena.

Halafu kuna wa makumbusho. Hawa wanataka gemu ije na historia yake: picha za maboksi, vitabu, michoro ya awali, watengenezaji wakihojiwa. Namco walianza mapema sana, Namco Museum za PlayStation zilizoanza 1995 zilikuwa na jengo la makumbusho la 3D, unatembea humo ndani chumba kwa chumba, unaangalia mabango na bodi za mashine, ndipo unaingia kucheza. Na walijua mkusanyaji ana ugonjwa gani: volyumu tano kila moja kava lake lina herufi yake moja, ukizipanga zinasomeka N-A-M-C-O. Ukiwa na nne huwezi kulala.

Hatua ya 2: soma orodha, achana na namba

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea kwa hiyo twende taratibu.

Kabla ya kununua tafuta orodha kamili ya gemu zilizomo, iandike au ipige skrinshoti, halafu uliza maswali matatu. La kwanza, ngapi ni matoleo ya gemu moja? Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018 inasema gemu 12, ni kweli, lakini tano kati ya hizo ni Street Fighter II kwa majina tofauti: ya kwanza, Champion Edition, Hyper Fighting, Super, na Super Turbo. Cowabunga nayo ndani ya zile 13 Tournament Fighters ipo mara tatu. Hapa usikimbilie kusema tumeibiwa. Kwa mcheza wa kawaida huo ni ujazo, lakini kwa mkusanyaji toleo tofauti linaweza kuwa ndio mali yenyewe. Tournament Fighters ya NES, ya SNES na ya Mega Drive ni gemu tatu tofauti kabisa, zimefanana jina tu.

Mfano mtamu zaidi ni Contra Anniversary Collection ya 2019. Ulaya Konami walitoa Contra kwa jina la Probotector, mashujaa na baadhi ya maadui wakageuzwa maroboti. Koleksheni hii ina matoleo ya pande zote, maroboti wamo, na pia ipo Contra ya Famicom ya Japani ambayo ilikuwa na chipu maalum ndani ya kaseti: hatua ya kwanza miti ya msituni inayumba kwa upepo, kwenye hatua ya theluji theluji inadondoka kweli, kati ya hatua moja na nyingine kunakuja ramani na vipande vya hadithi. Toleo la NES la Marekani halina vitu hivyo. Kwa mtu aliyecheza Contra utotoni mpaka anaijua kwa kichwa, kuona ile miti ikiyumba ni kama gemu mpya. Hiyo ndiyo tofauti ya toleo na ujazo.

Swali la pili, nini hakimo? Kinachokosekana ndicho kinachokuumiza baadaye. Rare Replay ya 2015, gemu 30 kwa dola 30, koleksheni tamu mno, lakini GoldenEye haimo kwa sababu ya leseni za James Bond. Tetris Forever ya 2024 ina historia nzuri sana ya Tetris lakini Tetris ya Game Boy, ile iliyoiteka dunia, haimo, hiyo iko kwa Nintendo wenyewe. Sega Mega Drive Classics ya 2018 ina gemu zaidi ya 50 ila Sonic 3 hakuna. Super Mario 3D All-Stars imebeba 64, Sunshine na Galaxy, Galaxy 2 ikaachwa nje bila maelezo ya maana.

La tatu, nini kimebadilishwa? Muziki ndio unaoondoka kwanza. Sonic 3 ndani ya Sonic Origins ya 2022 hatua kadhaa kama IceCap zimewekewa muziki mwingine, na ukiwa unaukumbuka ule wa zamani utasikia sekunde ya kwanza tu. GTA: The Trilogy ya Novemba 2021 ilipunguza nyimbo za redio, juu ya hapo ilitoka na kasoro nyingi, sura za wahusika zimeharibika, mvua inakuziba macho. Anayetaka San Andreas na redio yake kamili bado anatafuta diski ya PS2 na simlaumu.

Hatua ya 3: geuza boksi uone nani kaitengeneza

Nyuma ya boksi chini kabisa kuna logo ndogondogo. Mchapishaji ni yule mwenye jina kubwa mbele, lakini kazi ya kuhamisha gemu mara nyingi kafanya mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeamua kama utafurahi.

Majina mawili ya kukariri. M2, ni Wajapani, ndio wako nyuma ya Castlevania Anniversary Collection, Castlevania Advance Collection, Dominus Collection, ile Contra niliyoisema, na hata Mega Drive Mini ya Sega. Ukiona M2 pumua. La pili ni Digital Eclipse, Wamarekani, wametengeneza Cowabunga, Mega Man Legacy Collection ya kwanza, na ile ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, Atari 50 ya 2022. Hiyo sio menyu ya gemu, ni mstari wa miaka unaoupitia toka miaka ya sabini, unasoma, unamtazama Nolan Bushnell na wenzake wakielezea, unabonyeza unacheza kitu kilekile walichokuwa wanakizungumzia. Na wakamalizia deni la zamani: mfululizo wa Swordquest ulikatishwa miaka ya themanini kabla ya sehemu ya nne, AirWorld, kutengenezwa, wao wakaitengeneza wakaiweka humo.

Upande wa pili wa shilingi. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilitengenezwa kwa kodi za programu ambazo hazikuwa za mwisho, Konami hawakuwa wamehifadhi zile zilizokamilika, kwa hiyo studio ikawa inarekebisha kasoro ambazo zilisharekebishwa zamani. Ule ukungu mzito uliokuwa roho ya gemu ukatoka vibaya, wa PS3 wakapata apdeti, wa Xbox 360 hawakupata. Mega Man Anniversary Collection ya GameCube yenyewe kosa lake ni dogo ila linakera kuliko yote: kitufe cha kuruka na cha kupiga risasi vimebadilishana na hakuna sehemu ya kuvirudisha. Hebu fikiria gemu kumi hivi za Mega Man halafu kila ukitaka kuruka unapiga risasi.

Kwa hiyo kabla hujalipa tazama video ya mtu akiicheza, dakika kumi zinatosha. Sikiliza sauti kama inakwaruza, angalia kama kuna mpangilio wa vitufe, kama kuna kusevu popote, kama kuna kurudisha nyuma ukikosea, na kama picha inaweza kuwekwa umbo lake la asili badala ya kuvutwa mpaka Mario awe mnene.

Hatua ya 4: je gemu kweli zimo ndani ya diski?

Hii kwetu sisi ni muhimu kuliko kwa mtu wa Ulaya, kwa sababu bando unalijua lilivyo.

Siku hizi boksi linaweza kuwa zuri, lina kitabu na stika, ndani kumbe nusu ya gemu unatakiwa uipakue. Mega Man Legacy Collection 1 + 2 ya Switch ndio mfano wa kila siku: kwenye kadi imo ya kwanza tu, ya pili unapewa karatasi yenye namba ya kupakulia. Ukinunua mtumba hiyo namba ilishatumika zamani, kwa hiyo umelipia mbili umepata moja. Mega Man X Legacy Collection nayo vilevile. Switch 2 iliyotoka 2025 imeleta kitu kingine tena, kadi ambayo ndani haina gemu kabisa, ni ufunguo tu wa kuruhusu upakue.

Namna ya kujilinda: soma mbele ya kava, chini au juu kunakuwa na ukanda wenye maandishi ya kusema intaneti inahitajika au upakuaji wa ziada unahitajika. Muuzaji akipiga picha iliyokata huo ukanda muombe apige nyingine, akizungusha maneno achana naye. Pia wapo watu wanaojiita DoesItPlay ambao kazi yao ni kuchomeka diski bila intaneti na kusema kama inacheza yote, angalia orodha yao kwanza.

Na usidharau diski. Desemba 2024 Sega waliondoa Sega Mega Drive Classics kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye diski ya PS4 yeye anaendelea na maisha yake, anaweza kuicheza, kumpa mdogo wake, kuiuza. Ingawa kuna mara moja mambo yaligeuka: GoldenEye iliporudi kwenye Xbox Januari 2023 waliopewa bure ni wenye Rare Replay ya kidijitali, wenye diski wakaangalia tu. Nililisoma hilo nikacheka kwa uchungu.

Kitu cha kando kidogo: Evercade, mashine ya gemu ya Waingereza iliyoanza 2020, imejengwa yote juu ya wazo hili. Kila kaseti ni koleksheni, ina namba yake mgongoni, hakuna kupakua. Ila leseni zinakufuata hata huko, kaseti mbili za Namco Museum hazichezi kwenye ile mashine yao ya kuunganisha na TV, zinacheza ya mkononi tu, na zimeshaacha kutengenezwa. Ukiziona kwa bei ya kawaida zichukue.

Hatua ya 5: rijeni na ile habari ya 50

PS1, PS2, GameCube na Wii zina kufuli la rijeni, yaani mashine ya eneo moja la dunia inakataa diski za eneo lingine. PS2 nyingi za mtaani zilishachipiwa kwa hiyo zinakubali chochote, lakini kama ni ambayo haijaguswa, diski ya Marekani kwenye mashine ya Ulaya haitakubali. GBA (Game Boy Advance), PSP, PS4, PS5 na Switch hazina shida, na diski za PS3 karibu zote hazina shida. Xbox 360 inategemea gemu, uliza kwanza.

Sasa kuhusu 50. TV zetu na za Ulaya zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani ni 60. Gemu nyingi za zamani zikihamishiwa PAL hazikurekebishwa, zikawa zinakwenda polepole kama asilimia 17 hivi, na mistari myeusi juu na chini. Wengi wetu tulikua na mwendo huo tukadhani ndio wenyewe. PlayStation Classic ya 2018 ilikuja na gemu 20, tisa kati yake ni za PAL, na Tekken 3 ni mojawapo! Gemu ya kupigana, tena Tekken 3, unaileta kwa mwendo wa kuchechemea. Kwa hiyo kwenye koleksheni ya zamani ya Ulaya tafuta kama ina chaguo la 60, na kwenye mpya angalia imetumia toleo la nchi gani. Ukileta diski ya Marekani kwenye TV ya chogo ya PAL tupu picha inaweza kutoka nyeusi na nyeupe, TV za flati hazina tatizo hilo.

Ukiwa na TV ya flati washa ile modi ya gemu kwenye mipangilio ya picha. Ni sekunde thelathini, na nusu ya watu wanaolalamika kwamba koleksheni fulani ina uzito kwenye vitufe tatizo ni TV.

Hatua ya 6: kukagua mkononi

Umefika kwa muuzaji, Kariakoo au Luthuli Avenue au sebuleni kwa mtu mliyekutana kwenye Jiji, lile soko la mtandaoni. Usianze na kava, kava linachapishwa popote. Anza na diski.

PS1 orijino tumbo lake ni jeusi. Ishike kwenye mwanga uigeuzegeuze, weusi wake ni wa plastiki yenyewe. Diski nyeusi tupu za kuchoma nazo zilikuwepo, kwa hiyo usiishie hapo, angalia ule mduara wa katikati karibu na tundu: orijino ina herufi na namba za kiwandani zimekaa vizuri, ya kuchoma ina namba za kampuni ya diski tupu au haina kitu cha maana. PS2 zipo za aina mbili, gemu ndogo zilikuja kwenye CD yenye tumbo la buluu na kubwa kwenye DVD ya fedha, kwa hiyo usimwite mtu mwizi ukiona buluu. Ya kuchoma ina rangi ya zambarau au kijani iliyopauka, na ukiinamisha kwenye dirisha utaona mstari wa duara pale data ilipoishia, ndani rangi moja, nje rangi nyingine kidogo. Ukiuona huo mstari rudisha.

Mikwaruzo. Watu wanaangalia tumbo, na ni sawa, lakini kwenye CD hatari kubwa iko juu upande wa picha, maana data imekaa chini tu ya ile rangi, na plastiki nene ipo upande wa tumbo. Mkwaruzo wa tumbo unaweza kung'arishwa, wa juu uliotoboa umeondoka na gemu. Iweke diski mbele ya taa ya simu: vitundu vidogo vya mwanga kama nyota maana yake tabaka limeanza kuliwa. DVD data iko katikati ya plastiki mbili kwa hiyo ina nafuu.

Kaseti za GBA ndio ziwa la feki, hasa zile za gemu mbili kwa moja kama Final Fantasy I & II: Dawn of Souls au Castlevania Double Pack. Iinamishe lebo kwenye mwanga, orijino ina namba mbili zimegandamizwa ndani ya karatasi, huzioni kirahisi ukiangalia moja kwa moja lakini zinaonekana kwa kivuli. Chungulia pale meno ya shaba yalipo, juu yake kwenye bodi utaona neno Nintendo. Skrubu ya nyuma ina pande tatu, sio ya nyota. Na mwambie muuzaji uicheze, usevu, uzime, uwashe. Feki nyingi zinakubali kusevu leo na kesho zimesahau. Na ukiona kaseti imeandikwa 150 in 1 yenye Pokémon zote, basi wewe unajua.

Super Mario All-Stars ya SNES ya 1993, mama wa koleksheni nyingi, kusevu kwake kunategemea betri ya CR2032 iliyochomelewa ndani. Kama haisevu sio lazima iwe feki, betri imekufa, fundi wa simu mwenye mkono mzuri anabadilisha. Punguziwa bei basi.

Hatua ya 7: bei

Bei ya kuombwa sio bei ya kuuzika. Angalia eBay zile zilizouzwa tayari, au PriceCharting wanaokusanya mauzo hayo, halafu ongeza usafiri na ushuru. Nafuu kubwa ni ndugu: shangazi yuko Uingereza akipita duka la CeX, binamu yuko Muscat au Dubai anarudi likizo, koleksheni tatu za PS4 hazijazi hata kona ya begi. Mtumie picha ya kava kamili maana akienda na jina tu atakuletea nyingine.

Usihofu neno "toleo maalum". Super Mario 3D All-Stars Nintendo waliiuza toka Septemba 2020 mpaka tarehe 31 Machi 2021 tu, watu wakanunua tatu tatu waje kutajirika. Ziliuzwa zaidi ya milioni 9. Kitu kilichouzwa milioni 9 hakiwezi kuwa adimu hata ukikifungia kabatini. Adimu ya kweli ni ya kampuni kama Limited Run Games, unalipia kwanza, wanatengeneza kwa oda, unasubiri miezi, na huko ndiko Castlevania Anniversary Collection ilikopata umbo la kushikika. Hizo zikipita zimepita, kwa hiyo kama unaitaka lipa wakati wa oda, usisubiri mtumba.

Hatua ya 8: kutunza

Pwani unyevu unaua polepole. Simamisha maboksi kama vitabu, mbali na dirisha na ukuta unaotoa maji, tupia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe mara kwa mara. Meno ya kaseti safisha kwa pamba ya masikio na spiriti safi ya isopropili, usipulize, mate yanaleta kutu. Lebo ya bei ya duka usiibandue kwa kucha, ipashe moto kidogo na hair draya itoke yenyewe.

Uanze na ipi

Una PS4 au Switch: Atari 50 kama unataka kusoma na kucheza, Cowabunga kama una watu wa kucheza nao sebuleni, maana ile Turtles in Time ya wanne inamaliza ugomvi wa rimoti. Una PS3 au 360: Sega Mega Drive Ultimate Collection ya 2009, gemu zaidi ya 40, Streets of Rage zote tatu, Golden Axe, Phantasy Star, na Sonic 3 imo humu japo haiungani na Sonic & Knuckles kama kaseti zilivyokuwa zinapandana. Una PS2 au PSP: Metal Slug Anthology, saba kwa mkupuo, na KOF (King of Fighters) Collection: The Orochi Saga yenye 94 mpaka 98. Una PS1 tu: Namco Museum, yoyote utakayoikuta, na herufi zilizobaki utazitafuta, nakujua.

Ukishafika tano fungua faili kwenye simu, kila koleksheni na orodha ya gemu zake na toleo la nchi gani. Siku unataka kununua ya sita unatafuta kwenye faili kwanza. Kama zaidi ya nusu unazo na toleo ni lilelile, na hakuna muziki uliorudishwa wala mahojiano mapya, mwachie mwenzio.